Koti la Yeremia

Tulianza mwezi wa nane, baridi bado ikiuma masikio,
wanawake sita katika chumba cha nyuma cha kanisa, hapa Bulongwa,
na cherehani moja ya miguu.
Lustika alileta gunia la mabaki kutoka kwa fundi wa sokoni:
kitenge cha harusi ya mtu tusiyemjua,
suruali za shule, magoti yamekwisha, makalio mazima,
pazia la zahanati ambalo hata baada ya kufuliwa lilinuka sindano,
na fulana ya uchaguzi. Hiyo Onolina aliikata mwenyewe,
akianzia usoni mwa mgombea.

Watu walicheka. Mablanketi ya viraka!
Sisi tuliokaa darasani tumeegemea ukuta
mwalimu asione kilichoshonwa nyuma,
leo tunakata nguo ili tupate viraka?
Tuponile alijibu, uzi ukiwa bado mdomoni:
"Kiraka kimoja ni aibu. Mia na ishirini ni ufundi."

Mimi nilikuwa na koti.
Lilining'inia msumarini nyuma ya mlango, mwaka wa tatu sasa,
la sufu, la kahawia, la mtumba wa Makambako.
Yeremia alilivaa kwenda baraza la kata mara saba
kumshitaki Obadia Tweve
kwa ajili ya hatua tatu za ardhi na miwati kumi na mmoja.
Mara ya saba alirudi na mvua kifuani.
Hakufika Pasaka.

Nililibeba hadi kanisani mara mbili, nikalirudisha.
Mara ya tatu nilianza na bitana, kwa kuwa ilikwisha chanika,
nikajidanganya kwamba nakata bitana tu.
Mkono wa kushoto ulimwaga mbegu za majani.
Mfuko sikuukata. Niliushona ulivyo, mzima,
katikati, kati ya pazia na harusi.

Desemba. Ukungu wa Kitulo ukashuka ukakaa mlangoni kama mdeni.
Mablanketi tisa, nyumba tisa ambazo moshi wake ni mwembamba.
Mkesha wa Krismasi tukaweka majina ndani ya kofia ya mzee wa kanisa,
kila mmoja aokote nyumba atakayopeleka.
Nikafungua karatasi yangu.
Nikaikunja. Nikaifungua tena,
kana kwamba jina hubadilika likikunjwa.
Onolina alichungulia, akasema, "Lete, tubadilishane."
Sijui kwa nini sikumpa.

Obadia hakusema karibu, wala hakusema toka.
Macho yake yameingia maziwa, watoto wake wako Tunduma,
na moto wake ulikuwa kijinga kimoja na ubishi.
Nikamwekea blanketi magotini.
Akaanza kulisoma kwa vidole:
kitenge, shule, zahanati.
Akafika kwenye sufu, akasimama hapo.
Akatafuta mdomo wa mfuko, akaingiza mkono taratibu,
kama mtu aingiaye nyumba yenye mgonjwa.

"Hili lilikuwa na vifungo vinne," akasema.
"Vitatu," nikasema. "Nimelifua miaka yote, ni vitatu."
"Vinne. Ile siku ya miwati tulishikana mashati.
Yeye alishika shati. Mimi nilishika koti."
Akajikokota hadi rafuni, akatikisa kopo la majani ya chai,
akarudi na kitu kiganjani, cheusi, chenye matundu mawili,
kimoja na uzi wake bado.

Nilikuwa nimekuja na maneno. Njia nzima niliyapanga,
makali, yaliyonolewa miaka mitatu.
Sindano ndiyo niliyoipata, imechomekwa kwenye ukosi wangu.
Nikakishona kile kifungo palepale, juu ya mfuko,
yeye amepiga magoti anapuliza kijinga ili nione.
Kengele ya ibada ikalia bondeni. Hakuna aliyeinuka.
Miwati haikutajwa. Bado ni kumi na mmoja.

Nikakata uzi kwa meno.